Mtu wa Darajani

Meza yetu ni mlango wa zamani wa ghala la ushirika.
Bawaba bado zimo; zinamkwaruza paja anayekaa kusini.
Juu yake kuna nchi:
vichuguu vya saruji niliyoikoroga mwenyewe,
mto wa gundi na rangi ya kucha ya buluu,
na daraja, ambalo ni kitana cha mke wangu
anachokitafuta tangu Pasaka.
Kusini nchi inakatika ghafla,
kama Newala inavyokatika pale Shimo la Mungu.
Dadu likidondokea huko, hatulihesabu.

Mchana mimi ni karani wa mizani.
Gunia, kilo themanini. Gunia, sabini na tisa na ubishi.
Usiku napima wasiofika uzito wa korosho moja:
askari wa kimo cha kidole gumba,
kazi ya Nantepa, kwa masalia ya mpingo.
"Hiki hakitoshi hata sikio la tembo," alisema akikitupa,
nami nikaokota jemadari.

Nyeusi sikuinunua, mpingo umezaliwa nayo.
Njano ni salfa ya mikorosho na gundi kidogo.
Kahawia ya viatu niliitoa kwenye mafuta ya ganda,
yakanichuna kidole cha shahada,
wiki nzima nikaweka sahihi kwa kushoto.
Meneja akauliza, umeumiaje?
Nikasema: vitani.

Maji ya kusuuzia brashi ni ya kununua kwa ndoo;
nasuuzia kwenye kizibo cha soda.
Kisha jicho.
Unywele mmoja wa mkia wa mbuzi, pumzi nimeibana,
mkono umeegemea chupa ya chai.
Ukiteleza, shujaa ni kengeza hadi kiama.
Nina kikosi kizima cha makengeza.
Ndicho kinachoshinda.

Jumamosi wanakuja.
Nesi Fidea, ambaye wodini huhesabu hata pamba,
hapa ni mwizi: kaiba taji, kaiba ng'ombe,
kaiba kisima (usiniulize vipi, dadu lilikubali).
Chilumba, fundi pikipiki, ni kadhi asiyeweza kusema uongo;
anatokwa na jasho kweli.
Dadu tulilisugua kwa tupa kutoka mfupa wa ng'ombe,
pande ishirini, ubavu mmoja mzito. Linapenda saba.
Tunalijua, tunalistahi, kama shemeji mlevi.

Na Mwalimu Likwata.
Walimhamishia Liwale katikati ya safari yetu
akaendelea kucheza kwa simu, sauti yake imeegemezwa kwenye kikombe.
"Navuka daraja," alisema. "Nimeinua mwenge. Halafu nina..."
Mtandao ukakata.

Mtu huchezewi zamu yako. Hiyo ndiyo sheria yetu, nyingine tunazipinda.
Basi akasimama juu ya kitana, mwenge juu,
Jumamosi moja, mbili, tatu,
nikimpangusa vumbi kwa brashi kavu.
Simu ikaita. Ikaita. Ikaacha hata kuita.
Fidea hakuiba kitu.
Kadhi akafungua kinywa: "Atakuwa anasahihisha mitihani tu,"
na hakuna aliyemdai dadu kwa uongo ule.

Alhamisi mvua ya kwanza ikapiga bati,
paa likavuja juu ya nchi.
Nilipotoka ghalani nikakuta mlango umehamishiwa chumbani.
Adelina hajui jina la askari hata mmoja,
lakini alikuwa amewarudisha wote walipokuwa,
kengeza kando ya kengeza,
isipokuwa mmoja.

"Huyu nani kamvusha?"

Hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.
"Mtu hasimami darajani wiki tatu bila kula."

Kweli, mbele ya mguu wake, ng'ambo,
palikuwa na punje moja.

Nikamshika kiunoni nimrudishe, sheria ni sheria,
nikatafuta daraja.
Lilikuwa kichwani kwa mke wangu,
limechomekwa kwenye nywele.